Kumtafuta Bibi katika Jumba la Nguzo 72

Washington, mji mkuu wa Marekani, una barabara moja pana iitwayo Pennsylvania Avenue, iunganishayo jumba la Bunge na Ikulu ya nchi hiyo. Katikati ya barabara hiyo, baina ya Mtaa wa 7 na Mtaa wa 9, limesimama jumba kubwa la mawe lenye nguzo 72, kila nguzo ikipanda kiasi cha mita 16. Hilo ndilo Jumba la Nyaraka za Taifa. Lina milango miwili, na kila mlango una wageni wake. Kwa mlango uelekeao Constitution Avenue huingia watalii, waliokuja kutazama Tangazo la Uhuru la 1776 na Katiba ya 1787, zilizotandazwa chini ya vioo. Kwa mlango wa upande wa pili huingia watu wachache zaidi, wenye madaftari yaliyojaa majina na miaka ya kuzaliwa. Hawa hawakuja kuziona karatasi za wakubwa. Wamekuja kumtafuta bibi yao, au babu wa babu yao, ambaye hakuwa waziri wala jenerali, bali mkulima wa pamba, mfua nguo au mhunzi.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, 2022, watu wa namna hiyo walikesha macho katika miji mingi ya Marekani. Saa 6 ya usiku ilipogonga, Idara ya Nyaraka za Taifa ilifungua daftari za sensa ya mwaka 1950, ambazo zilikuwa zimefungwa kwa miaka 72. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu wapatao milioni 151, katika kurasa zaidi ya milioni 6. Siku hiyo haikuwa lazima tena kusafiri mpaka Washington. Kurasa zote ziliwekwa katika intaneti, na yeyote alimradi ana mtambo wa kuzisomea aliweza kuziona bila kulipa hata senti moja. Watu waliokuwa watoto wachanga mwaka 1950 waliweza kujiona wameandikwa na karani, pamoja na wazazi wao waliokwisha fariki, katika nyumba ambazo huenda zilikwisha bomolewa.

MIAKA 72 YA SIRI

Msomaji aweza kuuliza kwa nini serikali ihesabu watu kisha ifiche majina yao kwa muda mrefu hivyo. Jawabu ni kwamba karani wa sensa hupiga hodi na kuuliza mambo ambayo jirani hathubutu kuuliza: umri wa mke, kazi ya mume, mapato ya mwaka, na kama mwanamke anayeishi nyumba hiyo ameolewa, ni mjane au ameachwa. Mtu hawezi kujibu kwa ukweli ikiwa anajua kwamba kesho majibu yake yatasomwa na mtoza kodi, na polisi, na mwenye nyumba. Mwaka 1952 mkuu wa Idara ya Sensa na mkuu wa Nyaraka za Taifa walipatana kwa barua kwamba majina yasitolewe mpaka miaka 72 ipite, na mwaka 1978 mapatano hayo yakatiliwa nguvu na sheria ya Bunge. Kwamba idadi ya miaka inalingana na idadi ya nguzo za jumba ni sadfa tu, kwa kuwa jumba lilikwisha simama tangu 1935.

Siri hiyo imewahi kuvunjwa, na waliovunjiwa hawakusahau. Baada ya Ujapani kuishambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, serikali ya Marekani iliwakamata watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia, ikawaweka makambini. Takwimu za sensa ya 1940, zilizopangwa mtaa kwa mtaa, zilitumika katika kazi ya kujua wanakaa wapi. Mwaka 1942 sheria ya wakati wa vita iliiondoa kinga ya siri ya sensa, na mwaka 2007 watafiti wawili, Margo Anderson na William Seltzer, walionyesha kwamba mwaka 1943 hata majina na anwani za watu wa asili hiyo waliokaa Washington zilitolewa kwa idara nyingine ya serikali. Mkuu wa Sensa alikuwa amekwisha omba radhi mwaka 2000 kwa sehemu ya idara yake katika mambo hayo. Kwa hiyo mtu afunguapo ukurasa wa 1950 na kufurahi kumwona mama yake, yafaa akumbuke kwamba karatasi ile ile iliyohifadhi jina yaweza pia kulifichua kabla ya wakati wake.

UKURASA MMOJA

Ukurasa wa sensa ya 1950 ni wa kawaida kabisa kuutazama. Una mistari 30, na kila mstari ni mtu mmoja. Pembeni limeandikwa jina la mtaa na namba ya nyumba. Kisha hufuata jina, uhusiano na mkuu wa kaya, rangi, jinsia, umri, hali ya ndoa na mahali pa kuzaliwa. Waliotimiza miaka 14 waliulizwa kazi waliyofanya wiki iliyopita na saa walizofanya. Mistari sita katika kila ukurasa iliwekwa alama, na aliyeangukia mstari huo aliulizwa mambo zaidi: alikuwa akiishi wapi mwaka uliotangulia, wazazi wake walizaliwa nchi gani, alifika darasa la ngapi, alipata fedha kiasi gani mwaka 1949. Ni bahati nasibu tupu. Katika nyumba moja, baba hakuulizwa lolote zaidi, na mpangaji wake akaacha habari za kutosha kujaza barua.

Katika mistari hiyo yamo maisha. Mwanamke aliyeandikwa mkuu wa kaya akiwa na umri wa miaka 29, na mbele ya jina lake alama ya mjane, huwaeleza wajukuu wake jambo ambalo labda hakupenda kulitaja. Neno “mpangaji” lililo mbele ya jina la kijana mmoja laweza kuwa mwanzo wa ndoa iliyozaa ukoo mzima. Na katika miji ya kaskazini kama Chicago na Detroit, mtafutaji hukuta mtaa baada ya mtaa wa watu weusi walioandikwa kuwa wamezaliwa Mississippi, Alabama au Georgia. Hao ni miongoni mwa watu wapatao milioni 6 walioondoka majimbo ya kusini kati ya 1910 na 1970, wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi viwandani. Vitabu vya historia huwataja kwa mamilioni. Ukurasa wa sensa humtaja mmoja mmoja, pamoja na namba ya mlango aliokuwa akiufungua.

Hata hivyo, karani naye ni binadamu. Aliandika majina kama alivyoyasikia. Pengine hakumkuta mtu nyumbani akamwuliza jirani. Rangi aliiandika mara nyingi kwa kumtazama mtu tu, na ndugu wa nyumba moja akawachukulia kuwa ni wa rangi moja. Tena orodha ya majina ya 1950 ilitengenezwa na kompyuta iliyofundishwa kusoma mwandiko wa mkono, nayo hukosea. Ndiyo maana umma ulialikwa kusahihisha. Asiyemwona mtu wake kwa jina hushauriwa atafute anwani ya zamani, kisha atazame katika ramani ni eneo gani la kuhesabia lililokuwa na mtaa huo, na hapo asome ukurasa kwa ukurasa mpaka afike mlangoni.

KURUDI NYUMA HATUA KWA HATUA

Wataalamu wa nasaba wana kanuni moja: anza na ukijuacho, uende kwenye usichokijua. Mwenye kumpata bibi yake katika sensa ya 1950 hupata umri wake na jimbo alikozaliwa. Kwa habari hizo humtafuta katika sensa ya 1940, iliyofunguliwa mwaka 2012, ambamo huenda bado ni binti katika nyumba ya baba yake. Kutoka hapo huenda 1930, kisha 1920, 1910 na 1900. Sensa ya 1900 ina faida kubwa, kwani iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Mama aliyejibu kwamba amezaa 9 na wamebaki 5 amesema mengi kwa tarakimu mbili.

Kisha msafiri huyu huanguka shimoni. Sensa ya 1890 haipo. Jioni ya tarehe 10 Januari, 1921, moto ulizuka katika ghorofa ya chini ya jumba la Wizara ya Biashara mjini Washington, palipowekwa daftari hizo. Zilizosalimika na moto ziliharibiwa na maji ya wazima moto. Watu karibu milioni 63 walihesabiwa mwaka ule; leo yamebaki majina kama 6,000 tu. Moto huo uliwapa nguvu waliokuwa wakidai kwa miaka mingi kwamba taifa lijenge jumba imara la nyaraka. Tarehe 20 Februari, 1933, Rais Herbert Hoover aliweka jiwe la msingi la jumba la nguzo 72. Kesho yake, Bunge liliidhinisha orodha ya karatasi za kutupwa, na mabaki ya sensa ya 1890 yalikuwamo.

Mwenye bahati huruka shimo hilo na kufika 1880, mwaka ambao karani alianza kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Kisha hufika 1870. Kwa Mmarekani mwenye asili ya Ulaya, safari yaweza kuendelea bila shida mpaka 1850, mwaka ambao kila mtu huru alianza kuandikwa kwa jina lake. Kwa Mmarekani mweusi, mara nyingi 1870 ni ukuta.

UKUTA WA 1870

Katiba ya Marekani iliamuru watu wahesabiwe kila miaka 10 ili viti vya Bunge vigawanywe. Sensa ya kwanza ilifanywa mwaka 1790, ikahesabu watu kama milioni 3.9, na kati yao karibu 700,000 walikuwa watumwa. Katiba hiyo hiyo iliagiza kwamba mtumwa ahesabiwe kuwa sehemu tatu katika tano za mtu. Hivyo mabwana walipata viti zaidi Bungeni kwa ajili ya watu ambao hawakuruhusiwa kupiga kura, kusoma, wala kuondoka shambani.

Mwaka 1850 na 1860 makarani walipewa karatasi za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu huru, yenye majina. Ya pili ilikuwa orodha ya watumwa. Katika hii ya pili liliandikwa jina la mwenye mali, na chini yake mstari kwa kila mtumwa: umri, jinsia, rangi. Jina halikuandikwa, isipokuwa kwa wachache mno. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 waliandikwa kwa namna hiyo.

Tufikirie mwanamke mmoja aliyekutwa katika sensa ya 1870, katika kijiji cha Georgia, akiwa na miaka 35. Ana jina, ana jina la ukoo, ana mume na watoto wanne. Ni mara ya kwanza kwa serikali ya nchi yake kumwandika kuwa mtu, kwa kuwa utumwa ulikomeshwa nchi nzima na badiliko la katiba lililothibitishwa Desemba 1865. Kitukuu wake sasa hurudi nyuma miaka 10. Mwaka 1860 mwanamke huyu alikuwa na miaka 25. Basi hutafuta katika orodha za watumwa za wilaya ile, chini ya majina ya mabwana waliokuwa karibu, mstari usemao: miaka 25, mwanamke, mweusi. Aweza kukuta mistari kumi ya namna hiyo. Mmoja huenda ni wa bibi yake. Lakini hakuna jina la kumwonyesha ni upi.

Watafutaji wengi hukwama hapo. Wengine hudhani kwamba jina la ukoo la 1870 ndilo la bwana wa zamani, na mara nyingine ni kweli, lakini wengi walioachwa huru walichagua jina jingine: la bwana wa kwanza, la baba aliyeuzwa mbali, au jina walilolipenda tu. Hivyo orodha ya watumwa peke yake si ushahidi. Hutakiwa iungwe mkono na wosia wa bwana, hati ya mauzo, au orodha ya mali iliyoandikwa alipofariki, ambamo watumwa walitajwa kwa majina na bei, baina ya farasi na samani za nyumba.

MAJINA YALIYOANDIKWA KWA AJILI YA FEDHA

Huo ndio uchungu wa kazi hii. Pale serikali ilipohesabu kwa ajili ya viti vya Bunge, mtumwa hakuhitaji jina. Pale fedha zilipohusika, jina lilipatikana mara moja.

Mji wa Washington wenyewe ni mfano. Tarehe 16 Aprili, 1862, zaidi ya miezi minane kabla ya Tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, sheria ya Bunge ya kuwaacha huru watumwa wa mji mkuu ilitiwa saini. Mabwana waliahidiwa fidia isiyozidi wastani wa dola 300 kwa kila mtu. Ili walipwe, iliwapasa kuleta maombi yanayotaja jina la kila mtumwa, umri wake, umbo lake, ujuzi wake, na jinsi walivyompata, kwa kumnunua au kumrithi. Watu wapatao 3,100 wakaandikwa hivyo. Kama bwana hakuleta maombi, sheria ya nyongeza ya Julai 1862 ilimruhusu mtumwa mwenyewe kujiombea uhuru. Karatasi hizo sasa zimehifadhiwa na Nyaraka za Taifa. Kitukuu huweza kusoma humo kwamba bibi yake alikuwa mpishi hodari, sentensi iliyoandikwa na bwana aliyetaka bei iongezeke.

Ukitoka jumba la nguzo 72 ukafuata Pennsylvania Avenue kuelekea Ikulu, mwendo usiozidi nusu saa kwa miguu, utafika karibu na Wizara ya Fedha. Hapo palikuwa na makao makuu ya Benki ya Akiba ya Watu Walioachwa Huru, iliyoanzishwa mwaka 1865. Watu waliokuwa wametoka utumwani waliweka humo senti zao. Kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, na saini hazikuweza kuwatambulisha, karani wa benki aliwauliza habari za kuwapambanua: umezaliwa wapi, umelelewa wapi, nani mama yako, nani baba yako, ndugu zako ni akina nani na wako wapi. Katika daftari za mwanzo waliulizwa pia jina la bwana wa zamani na shamba lake. Mwaka 1874 Frederick Douglass, mwanasiasa na mwandishi aliyekuwa ametoroka utumwani, alifanywa rais wa benki hiyo ili kuiokoa, lakini ilikuwa imekwisha oza kwa uongozi mbaya. Ikafungwa mwaka huo huo, na watu zaidi ya 61,000 wakapoteza akiba yao, karibu dola milioni 3.

Fedha zilipotea, daftari zikabaki. Kwa zaidi ya miaka mia moja hazikuwa na faharasa iliyofaa, hata mtu hakuweza kumpata mtu wake humo. Kazi ya kuzinakili ilifanywa na wafungwa wa gereza moja la jimbo la Utah, waliojitolea kwa muda wa miaka 11. Mwaka 2001 walipomaliza, majina kama 480,000 yalikuwa yamepatikana. Watu waliofungiwa nyuma ya makomeo ndio waliowafungulia wengine mlango wa kuwaona mababu zao. Mwaka 2016 jumba la Wizara ya Fedha lililosimama mahali hapo lilipewa jina la benki hiyo. Wapitao njiani kwenda kupiga picha Ikulu hupita mbele yake.

KINYWA NA KARATASI

Mtu aliyewafundisha Wamarekani wengi njia ya kwenda kwenye jumba hili alikuwa Alex Haley. Alilelewa katika mji mdogo wa Henning, Tennessee, akimsikiliza bibi yake na ndugu za bibi wakisimulia barazani habari za ukoo, mpaka kwa babu mmoja Mwafrika aliyeletwa kwa meli. Baadaye aliingia katika Nyaraka za Taifa akaomba filamu za sensa ya Alamance, North Carolina, na katika ukurasa wa 1870 akawaona mhunzi mweusi aitwaye Tom Murray na mkewe Irene, watu ambao aliwajua kwa masimulizi tu. Kitabu chake, Roots, kilitoka mwaka 1976, na mchezo wake wa televisheni wa Januari 1977 ulitazamwa na mamilioni ya watu. Tangu hapo watu wa kawaida, weusi kwa weupe, walianza kumiminika katika vyumba vya nyaraka.

Hadithi hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa nasaba, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, walichapisha uchunguzi wao wa karatasi za Virginia na North Carolina, wakaonyesha kwamba sehemu ya kitabu ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe haikubaliani na nyaraka. Kwa hiyo Roots ni kitabu cha kusomwa kwa moyo, lakini si cheti cha ukoo. Funzo lake kwa mtafutaji ni kwamba bila masimulizi ya barazani Haley asingejua aombe filamu ya wilaya ipi. Na bila karatasi, masimulizi hayana wa kuyasahihisha. Kinywa huonyesha njia, karatasi huonyesha hatua. Mwenye kutegemea kimoja tu hupotea, na mara nyingine huwapotosha wengine.

Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wazee wa Georgia na Alabama wangeweza kuligeuza neno hilo: mtumwa ndiye aliyeachishwa asili, wala hakuiacha kwa hiari yake. Nasi wa Afrika ya Mashariki jambo hili si geni kwetu. Amri ya 1897 ya Unguja na Pemba iliyoondoa haki ya kisheria ya kumiliki mtumwa ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana ndiye aliyelipwa fidia, kama vile ilivyokuwa Washington miaka 35 kabla yake. Nyaraka za uhuru huo zimehifadhiwa Unguja, na wanahistoria wamezitumia kuandika maisha ya watu wa Pemba na Unguja ambao vinginevyo wasingetajwa popote. Huko nako, fidia ilipotakiwa, jina liliandikwa.

KWA MWENYE NYUMBA

Familia nyingi za kwetu hazina daftari la sensa la kufungua. Sensa zetu hutupa idadi ya watu, na nasaba zetu tumezibeba vinywani. Lakini kanuni za wale wanaoingia jumba la nguzo 72 zinafaa hata katika kijiji kisicho na umeme.

Ya kwanza ni kuanza na aliye hai. Mwulize bibi jina lake la utotoni na la ubatizo au la jandoni, jina la mama yake, na kijiji walichotoka kabla ya hiki. Mama ndiye asahaulikaye upesi, kwa sababu watoto hubeba jina la baba. Ya pili ni kufunga miaka kwenye matukio. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa hujua kwamba alikuwa akichunga mbuzi wakati wa njaa fulani, au kwamba aliposwa mwaka ule wa nzige. Andika tukio kama alivyolitaja, utafute mwaka baadaye. Ya tatu ni kuandika pia ni nani aliyesema, na siku gani, kwa maana mjomba na shangazi wakitofautiana, wajukuu watataka kujua neno la kila mmoja. Ya nne ni kuandika majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, kabla aliyewajua hao waliosimama pichani hajaondoka. Ya tano ni kutafuta karatasi zilipo: daftari za ubatizo na ndoa za misheni, hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za kodi, barua kutoka mgodini au jeshini. Karatasi ya kodi iliyokunjwa ndani ya Kurani au Biblia ya babu yaweza kuwa ushahidi pekee wa mahali alipokuwa akiishi.

Na kama lilivyo fundisho la mwaka 1943, si kila jambo la kutangazwa. Ziko habari za mtoto wa nje, za ugonjwa, za ndoa iliyovunjika. Ziandikwe kwa ukweli, zihifadhiwe kwa heshima, na wenye kuhusika wapewe muda. Wamarekani wameamua kwamba muda huo ni miaka 72. Kila ukoo waweza kuamua wa kwake.

Daftari za sensa ya Marekani ya mwaka 1960 zitafunguliwa Aprili 2032. Wengi wa watakaotafutwa humo wangali hai leo, wanakula chakula cha jioni na watoto wao, na wanaweza kuulizwa sasa hivi, kwa mdomo, mambo ambayo karani hakuwa na nafasi ya kuyaandika. Huku kwetu pia wapo wanaoweza kuulizwa, na daftari la kurasa 40 la shule latosha kuanzia.